Ng'ombe wa Sikio

...na bado anacheka, amekalia kiti cha wageni anacheka, Mwalimu Lazaro huyo, na Atupakisye amechuchumaa zizini nyuma ya nyumba anakamua, kila kicheko kinampata kupitia migombani, vuta, achia, vuta, laiti chuchu hizi zingekuwa vidole vya yule bwana, angevikamua mpaka mifupa ilie, “Baba Sekela, nimekuja kuwaaga,” anasema huko uani, “nimepandishwa cheo, mwalimu mkuu, kesho wazazi wa Kyimo wananipokea,” na Ambindwile, mume wake, mwanamume mzima na ndevu zake, anajibu, “Ndaga fijo, asante sana, mwalimu, Mungu ni mwema,” mwema kwa nani, Ambindwile, kwa nani? Alikuwa mwema siku ile watoto walipotolewa kwenye hesabu wakapelekwa kuchuma chai, tena si chai ya shule, shamba lake mwenyewe, maana tangu wanunuzi binafsi waanze kuja na malori yao kila mwenye kipande cha ardhi amepagawa, na Sekela akasema, mwalimu, mama kanituma kusoma, basi, hilo tu, maneno ya mtoto aliyelelewa, na kofi likatua sikio la kushoto, damu ikachuruzika mpaka kwenye kola, shati jeupe la shule, akalifua, akalifua tena, doa likabaki, na daktari akasema sikio hilo limekufa, mama, tumshukuru Mungu la pili lipo... Kisha wanaume wakakaa, wakala, wakanywa, Mwalimu akaleta mtamba mwekundu mwenye mimba, wakasema yamekwisha, yaliyopita si ndwele, na ukishapokea ng'ombe wa mtu hulitaji tena jambo lake, si polisi, si kanisani, hata kisimani, yeye hakuulizwa, alipewa ndoo tu, kamua, “Mama Sekela!” Ambindwile anaita, “mgeni anataka maziwa kabla hajaondoka!” Maziwa! Atayatemea mate, la, mate ni kidogo, kuna majani kule bondeni anayajua, yangemkata tumbo hadi choo kiwe ndiyo ofisi yake ya mwalimu mkuu, akajikuta anacheka peke yake, shetani ashindwe, lakini anamchukia, Mungu amsamehe au asimsamehe, anamchukia, na tumbo hata likiuma hupona, kesho kutwa angekuwa mzima amesimama mbele ya watoto wa watu, na Kyimo chai imejaa, na mikono ya watoto imejaa... mikono yake ikasita, ng'ombe akageuza shingo kumtazama, tulia, mama, wewe huna kosa, walikuleta uwe kizibo cha mdomo wangu... na kizibo kikitoka je? Ukimrudisha ng'ombe, si mdomo unakuwa wako tena? Akaiona barabara ya lami ya kwenda Kyimo, yeye mbele na kamba mkononi, Sekela nyuma na ndama, watu wanauliza mnamuuza, hatumuuzi, tunamrudisha, na pale uwanjani wazazi wamekaa, Mwalimu yuko ndani ya suti, anamfunga ng'ombe kwenye mlingoti wa bendera na kusema, ndugu zangu, huyu ni sikio la mwanangu, muulizeni mwalimu wenu alilinunua lini, aone kama atacheka, lo, kifua kikamfunguka, Ambindwile atafoka, na afoke, atamwita mwendawazimu, na amwite, “Mama Sekela, umelala huko?” vuta, achia, povu linapanda kwenye ndoo, na Sekela yupo hapa hapa, ameshika ndama, amempa mama yake upande wa kushoto.

“Sekela,” akanong'ona. Mtoto hakugeuka. “Sekela,” akarudia, na mtoto anamkuna ndama shingoni, hana habari, basi Atupakisye akavuta pumzi na kupaza sauti jinsi anavyolazimika kuipaza kila siku tangu kofi lile:

“Tafuta kamba nzuri, mwanangu! Kesho tunampeleka ng'ombe wa Mwalimu kule Kyimo, mbele ya wazazi wote!”

Uani kicheko kikakatika. Yeye akaendelea kukamua.