Kisigino cha Cheptanui

Katika kambi ya wakamuaji wa ng'ombe kule Subukia hakuna funza aliyemshinda Kogo. Bibi huyo alikuwa na pini, macho makali, na maneno ya kumtuliza mtu anayechokolewa. Kwa hiyo mwaka wa 1956, doa jeusi lilipojitokeza kwenye kisigino cha mjukuu wake Cheptanui, hakuna aliyeuliza ni nini. Kogo alichokoa. Doa likapanuka, naye akachokoa tena. Baada ya mara ya tano kidonda kilikataa kukauka, na Cheptanui, aliyezoea kukamua ng'ombe kumi na wawili kabla ya chai, akawa anachechemea kutoka zizini hadi kwenye mikebe ya maziwa. Hapo ndipo bibi na mjukuu walipopanda lori la maziwa, wakateremka Nakuru, wakaenda hospitali.

Aliyewapokea ni Owino, dresa aliyekuwa amesafisha na kufunga vidonda vya watu kwa miaka kumi na mitatu. Aliuosha mguu pole pole, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Doa lilikuwa pana kama kifuniko cha chupa, kingo zake zimechanika huku na huku, weusi wake umechanganyika na rangi ya kahawia. Akamwuliza Kogo swali moja tu: katika mara zote hizo tano, aliwahi kutoa mfuko wa mayai?

Kogo alikiri kwamba hapana. Funza huyo alikuwa akitoroka.

"Mara tano, Kogo?"

"Ni mjanja."

"Funza hana akili hiyo. Akitoka, anatoka na mfuko mweupe kama punje ya mchele. Hapa hakukuwa na mfuko, basi hakukuwa na funza."

"Wewe mtu wa ziwani, mla samaki, utanifundisha funza?" Kogo akamjibu, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka.

Owino alimwita Daktari Peterson, mpasuaji. Daktari alilitazama doa kwa kioo cha kukuzia, akapapasa nyuma ya goti, kisha kinenani. Hapo mkono wake ukasimama. Kulikuwa na tezi mbili zilizovimba, kila moja kubwa kama zambarau.

Hakuwaficha kitu. Doa lile ni saratani ya ngozi, aina ambayo watu wachache huipata na ambayo huenea mwilini haraka kuliko nyingine nyingi. Ingekuwa imebaki kisiginoni, angeikata. Lakini ikiwa imeshafika kinenani, kisu kingempa Cheptanui kidonda cha kufia nacho, si nafuu. Afadhali arudi kwa watoto wake akiwa bado anatembea.

Cheptanui alitazama vidole vya mguu wake, hakulia. Kogo alikaa chini sakafuni.

Owino hakuondoka. "Daktari, umeziminya zile tezi akaruka. Zinamuuma. Ugonjwa huu ukifika kwenye tezi, kwa kawaida hauumi hivyo. Mguu huu umedungwa pini chafu mara tano. Hata mimi tezi zangu zingevimba. Nipe siku kumi za penisilini."

"Na kama si uchafu? Siku kumi zitakuwa zimepotea."

"Zitakuwa zimepotea kwangu mimi," Cheptanui akasema. Hiyo ndiyo iliyokuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo tangu wafike. "Nidungeni."

Akadungwa sindano kila asubuhi. Kogo alilala kwa mtu wa ukoo wao mjini, na kila siku alikuja na maziwa kwenye kibuyu. Siku ya nne alimwambia mjukuu wake kwamba kwa pini ile alikuwa akimuua kwa mkono wake mwenyewe. Cheptanui alimjibu kwamba kama angeacha kuomboleza mtu aliye hai, maziwa yasingepoa. Siku ya saba hakuhisi tena uchungu alipokunja mguu. Siku ya kumi daktari alipapasa kinena kwa muda mrefu. Tezi moja ilikuwa imetoweka. Nyingine ilikuwa kama punje ya harage.

"Kesho tunapasua," daktari akasema.

Walimdunga sindano ya ganzi mgongoni, kwa hiyo alikuwa macho kazi ilipofanyika. Daktari alikata doa pamoja na nyama isiyo na ugonjwa iliyolizunguka, upana wa vidole viwili kila upande, bila kubembeleza. Akaambua ngozi nyembamba kutoka pajani, akaishonea juu ya pengo. Mwishowe akaitoa ile tezi iliyobaki. Kipande cha kisigino na tezi vikatiwa kwenye chupa za dawa, vikapelekwa Nairobi kwa gari moshi ili vipimwe.

Majibu yalichukua wiki tatu, na kufikia wakati huo ngozi mpya ilikuwa imeshika. Daktari aliisoma karatasi akiwa amesimama kando ya kitanda. Ilikuwa saratani, kama alivyosema. Kingo zote za nyama iliyokatwa zilikuwa safi. Ndani ya tezi hawakuona ugonjwa.

Owino alicheka peke yake. Kogo alimshika mkono dresa huyo wala hakuuachia.

Cheptanui aliuliza kama ugonjwa unaweza kurudi. Daktari alisema ndiyo, unaweza. Kila baada ya miezi mitatu itabidi aje kupapaswa kinena, kwa miaka mingi.

"Nitakuja," Cheptanui akasema, akaushusha mguu sakafuni, akaukanyagia taratibu. "Utanipapasa mpaka uzeeke, daktari. Sasa niambie naanza kukamua lini."