Sweta Kumi na Moja za Kijani

Kwa miaka tisa Kiende alifuma sweta za akademia ya Mwalimu Nyaga katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mtaani Majimbo, mjini Embu. Rangi ilikuwa damu ya mzee, na ukosini mistari miwili myeupe. Kila Januari mwalimu huyo alileta pia oda ndogo: sweta za kijani, saizi za darasa la nane tu, za shule aliyoifungua Kiritiri. Mwaka wa tisa zilikuwa kumi na moja. Kiende hakuuliza ni shule gani yenye darasa moja. Fundi huuliza vipimo.

Bintiye, Kathure, alikuwa darasa la nane katika akademia hiyo. Mwalimu Nyaga ndiye aliyemsimamia alipobatizwa. Akademia ilikuwa imeongoza kaunti mara sita mfululizo, na wazazi walitoka mbali kama Maua kutafuta nafasi. Sekondari yake ilipokea waliosoma hapo akademia tu. Nafasi hiyo ya sekondari ndiyo Kiende aliyomtakia Kathure tangu darasa la kwanza.

Sweta ya Kathure ilianza kubadilika Februari, siku tatu baada ya mtihani wa majaribio. Alikuwa amepata alama mia tatu kumi na nane. Ukijani ulianzia kwenye mikono, na kufikia Jumatano ulikuwa umefika mabegani. Kiende aliifua kwa maji baridi, kisha kwa siki. Akafuma nyingine. Ilikuwa ya kijani kabla Kathure hajamaliza chai.

"Ni wewe peke yako?"

"Tuko kumi na mmoja. Ya Murithi ilibadilika gwarideni, mbele ya bendera. Mwalimu wa zamu akamwambia apandishe soksi."

Kiende alimkuta Mwalimu Nyaga ofisini akipanga vikombe vya ushindi kabatini.

"Karibu, Mama Kathure. Umekuja kwa sababu ya sweta."

"Nimekuja kwa sababu ya mtoto."

"Ni kawaida. Walio chini ya mia tatu hamsini hubadilika. Uzi wako ni mzuri, usijilaumu."

"Anaenda wapi?"

"Haendi popote. Atasoma hapa, atakula hapa. Jina tu ndilo litasajiliwa Kiritiri, na mtihani afanyie huko."

"Na zile nilizofuma?"

"Za kubadilishia. Mtoto hawezi kuvaa moja wiki nzima."

"Mtihani ulikuwa Februari, Mwalimu. Oda ulileta Januari."

"Mwalimu mzuri huona mapema."

Kiende alikumbuka sweta ya saba. Alikuwa amemvalisha Kathure ili aone jinsi inavyokaa, kwa kuwa vipimo vililingana na vyake, na akaridhika na mabega.

"Ulimshika huyu mtoto mbele ya madhabahu," alisema.

"Na bado ni wangu. Lakini wastani ni wa watu wote."

Novemba Kathure alifanya mtihani Kiritiri, akapata mia tatu arobaini na mbili. Akademia iliongoza kaunti mara ya saba, bila mtoto hata mmoja chini ya mia tatu hamsini. Kiende alipeleka ombi la sekondari. Jibu lilikuja na sahihi ya Mwalimu Nyaga: hakukuwa na kumbukumbu kwamba mtoto huyo aliwahi kusoma pale. Kiende alitoa picha za darasa, kuanzia la kwanza. Katika kila moja, Kathure alikuwa amefifia ukabaki ukuta uliokuwa nyuma yake, na wenzake wawili walikuwa wamesogeleana.

Januari alikuja Rahema, mke wa muuza nyama, na bintiye Mwanamisi, aliyepita mahojiano ya darasa la kwanza na sasa alihitaji sweta.

"Wanasema hiyo shule ni nambari moja. Ni ukweli?"

"Imeongoza mara saba."

"Na wako alisomea hapo, si ndiyo?"

Kathure alikuwa mlangoni na sufuria ya uji. Alisimama kusikiliza.

"Hapana," Kiende alisema, kwa kuwa barua ilisema hivyo.

Kathure aliweka sufuria mezani, akatoka nje.

"Simama wima," Kiende alimwambia Mwanamisi, akaanza na mabega.