Sindano Mbili, Sauti Moja

Kwaru, kwaru, kwaru. Fundi aliusikia mkwaruzo huo akiwa chumba cha nyuma, akajua mjomba wake amefika na kujiwashia gramafoni mwenyewe.

"Mpwa wangu, sindano yako mpya ni pambo la kabatini," mjomba alimtania. "Kichwa changu cha zamani cha kushikia sindano kinamwimbisha marehemu. Hiki chako kinakoroma tu!"

Santuri ilikuwa moja tu iliyobaki, na ndani yake mke wa mjomba, aliyefariki mwaka jana, aliimba ubeti mmoja peke yake. Fundi akakifunga kichwa cha zamani kwenye gramafoni. Sauti ikatoka, hafifu, kama ya mtu anayeimba nyuma ya mlango. Kisha akakipindua chini ya kioo cha kukuzia. Mgongoni mwa kichwa hicho mjomba alikuwa amegandisha sarafu ili sindano isiruke, na kwenye ncha ya sindano palijaa unga mweusi.

"Mpya ni nyepesi, mjomba, inapita juu ya mifereji ya santuri, palipokwisha kulika. Yako ni nzito, inazama hadi chini palipobaki sauti kidogo, na kila ikizama inakwangua. Unga huu ndio sauti yenyewe."

"Basi tengeneza. Si wewe usiyeshindwa na chombo?"

"Kilicholika hakirudi." Fundi, ambaye majigambo hayakumpungukia, aliinamisha kichwa.

"Kumbe kila jioni nilipodhani namsikiliza, nilikuwa namla."

Mzee akairudisha santuri kwenye jalada lake, akaikumbatia kifuani.

"Mama watoto," akaiambia, "sikuwekei sindano tena. Nakuahidi."