Siku ya Kwanza, Kila Alhamisi

Bonge la thelathini na moja lilikuwa la mke wangu. Nililijua kabla sijaligeuza. Hapa Huayllapata kila nyumba hubana jibini lake kwa mshipi wa nyasi zilizosukwa, na msuko hubaki umechorwa ubavuni hata baada ya mshipi kuvuliwa. Gumercinda akisuka hurudi nyuma kila baada ya nyasi tatu, kama mama yake. Nikalishika kwa mikono miwili yenye glovu, nikapanda nalo tuta, nikashuka upande wa pili, nikaliweka juu ya ukuta wa mawe pamoja na yale thelathini. Upande wa chini yalibaki hamsini na tano.

Tuta tulilichimba watu wote, wiki ya kwanza ya amri ya kukaa ndani. Ni udongo na mawe, kimo cha kifua, limekata barabara ukingo hadi ukingo. Chini yake ni kijiji. Juu yake ni barabara ya mjini, na mjini ndiko korona ilikokuwa.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Alhamisi alfajiri wanawake huleta jibini, huliacha kwenye ukuta wa chini, huondoka. Lori likifika, dereva husimama kwenye mstari wa chokaa niliouchora mimi, hatua ishirini kutoka tutani. Ninavusha mabonge yote. Kisha nakaa pembeni, naye anapakia na kuteremsha chumvi, sukari, mishumaa na dawa ya kugandisha maziwa. Akishaondoka, navipulizia vitu hivyo klorini kwa bomba tunalopulizia dawa ya viazi, naviacha juani siku mbili, ndipo watu huja kuchukua. Usiku nalala kwenye kibanda cha mawe cha wachunga kondoo.

Ni mimi niliyesimama mkutanoni mwezi wa tatu na kusema: atakayegusa kitu kilichotoka nje akae siku kumi na nne bila kumkaribia mtu. Nilikuwa nimesoma. Nina kitabu cha tiba kisicho na jalada, nimekisoma mara sita, na ndicho kilichonifundisha kuchoma sindano na kushona kidonda. Watu wakakubali, na kwa kuwa mwenye kitabu ni mimi, wakanipa mimi tuta. Sikufikiria kwamba lori linakuja kila siku saba. Kila Alhamisi nagusa vitu vya nje, na hesabu yangu inarudi siku ya kwanza. Nililitambua hilo Alhamisi ya tatu, nikiwa nimekwisha kukunja blanketi.

Hii ilikuwa Alhamisi ya nane.

Nilikuwa nimerudi kuchukua bonge la thelathini na mbili niliposikia dereva akikohoa. Dereva ni Abelardo. Ndiye aliyemsimamia binti yetu Yesenia ubatizo, kwa hiyo tangu siku hiyo ni ndugu. Barakoa yake ilikuwa kidevuni. Akakohoa tena, mara mbili mfululizo, mkono kifuani.

Nikaliacha lile bonge mahali pake.

"Vumbi," akasema kabla sijauliza. "Huko kwenye kona saba wanachonga barabara. Usinitazame hivyo, ndugu yangu, unanitazama kama mganga wa ng'ombe."

"Tangu lini?"

"Tangu kona saba, si nimekwambia?"

"Jana hukukohoa?"

"Jana nilikuwa nimelala. Mke wangu ndiye wa kuulizwa." Akakohoa tena. Nikahesabu: mara nne.

Lazima nieleze kwa nini sikuendelea kubeba. Mkutano ulinipa madaraka ya jambo moja tu: nikiona dalili ya ugonjwa kwa dereva, nafunga barabara siku hiyo hiyo kwa siku kumi na nne. Lori lisije, mtu asije. Ng'ombe hawajui amri. Wataendelea kukamuliwa asubuhi na jioni, na jibini la nyumba arobaini litajaa ukungu rafuni, maana hapa hatuna kingine cha kuuza. Kijiji cha bonde la juu walifunga hivyo mwezi wa nne, wakaishia kuwapa mbwa jibini na kula viazi vya mbegu. Kijiji cha bonde la chini walilisawazisha tuta lao, na katika wiki moja wakazika wazee wanne. Watu wote wanawajua hao na wale, na kila mtu hutaja wale wanaomfaa.

Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo halikuandikwa kwenye daftari la mkutano. Barabara ikifungwa siku kumi na nne, hesabu yangu itatimia. Nitashuka nyumbani.

Nikamtupia kipimajoto kikiwa ndani ya soksi. Akakitoa, akakiinua juani.

"Hiki si ndicho ulichompimia fahali wa Don Eusebio?"

"Nimekichemsha."

"Kabla au baada?"

"Weka kwapani, Abelardo."

"Kwapani nitaweka. Nilitaka kujua tu tuko ukoo gani, mimi na fahali."

Akakaa kwenye jiwe lake, mimi kwenye langu, tukasubiri dakika tano kwa saa yake. Aliposoma, nilimwambia akiache juu ya jiwe na arudi nyuma, nikaenda kusoma mwenyewe. Thelathini na saba na pointi sita. Kitabu kinasema juu ya thelathini na saba na nusu ni joto, na kuanzia thelathini na nane ni homa. Pale katikati hakisemi la kufanya. Hapo pana mchoro wa mtoto kitandani.

Redio ilikuwa imesema kwamba wenye ugonjwa huu hawasikii harufu. Nikaingia kibandani, nikafunga vifurushi vitatu. Cha kwanza nilitia majani ya munya, mnanaa wetu wa milimani. Cha pili, kitambaa kilichochovywa mafuta ya taa. Cha tatu sikuwa na cha kutia, maana kibandani hamna vitu. Nikachukua leso ambayo Gumercinda hunifungia sufuria ya chakula. Nilikuwa nayo siku kumi bila kuifua, naye alikuwa ameshaiulizia mara mbili.

Nikaviweka juu ya jiwe. Abelardo akafumba macho, akavua barakoa, akanusa.

"Munya. Hata maiti angeijua." Cha pili. "Mafuta ya taa, tena yamechanganywa na maji. Anayekuuzia ni mwizi."

"Anayeniuzia ni wewe."

"Basi nimekosea." Akacheka, akakohoa, hapana, akasafisha koo tu, sikuihesabu. Akachukua cha tatu. Akakaa nacho puani muda mrefu, na mimi nikajikuta nimekunja ngumi. "Hiki ni jikoni kwenu," akasema. "Moshi wa samadi na mkalitusi. Shemeji bado anawasha moto na mkalitusi mbichi, nilimwambia utaua macho yake."

Alikuwa amenusa vyote vitatu. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nikawa kama mtu aliyeambiwa basi lake limeondoka, na hapo nikajua nilikuwa nikimwombea nini. Nilikuwa nataka ashindwe. Nilikuwa nataka mtu aliyemshika binti yangu kichwani siku ya ubatizo awe mgonjwa, ili mimi nikalale kitandani kwangu.

Nikarudi kukaa kwenye jiwe.

"Haya," akasema Abelardo. "Nimefaulu. Beba jibini, jua linapanda."

"Umekohoa mara nne."

"Na wewe una vidole kumi! Nina vijiji vitatu mbele, watu wamekaa na jibini barabarani wananisubiri. Nisipofika wanasema Abelardo ameuza roho. Nikifika, nyinyi mnanipulizia dawa kama kunguni. Sasa niambie, njaa mnaipima na kipimajoto gani? Cha fahali?"

Alikuwa na haki ya kuuliza, na kila jibu nililotafuta lilikuwa na harufu ya ile leso ndani yake.

Saa sita Gumercinda alikuja na sufuria. Huiweka juu ya jiwe bapa, huhesabu hatua arobaini kurudi nyuma, ndipo nakwenda kuchukua. Kisha tunaongea, yeye kule, mimi huku, kwa sauti ambayo kijiji chote kingeweza kusikia kama kingetaka. Baada ya wiki saba hakitaki tena.

"Baba Yesenia! Mbona mabonge bado yako huku?"

Nikamweleza yote kwa mpangilio. Alisikiliza akiwa ameshika kofia, upepo ulikuwa mkali.

"Ana homa au hana?"

"Yuko katikati."

"Shemeji!" Abelardo akapaza sauti kutoka nyuma ya tuta. "Mimi mzima! Mumeo amenipima kama fahali!"

"Nyamaza wewe, vaa barakoa!" akamjibu, ingawa hakuwa akimwona. Kisha kwangu, polepole kidogo: "Nyumbani mle kuna mabonge mengine tisa. Usipofungua, nitayala mwenyewe na mbwa. Ukifungua na mzee Hilaria wa jirani akafa, nitamwosha mimi, maana hana mtu. Kwa hiyo usinichukue mimi kuwa sababu ya hili wala lile."

"Sijakuchukua."

"Umebadilika sauti."

Nikatazama chini. Kutoka tutani naona paa letu la bati, na moshi. Siku nane za kwanza nilikuwa nikiamka mapema kuona moshi ukianza, nikisema sasa ameamka, sasa anachemsha maji. Kisha nikaacha, kwa sababu ilinifanya niwe na njaa isiyo ya chakula.

"Nataka kushuka," nikasema. "Ndiyo shida. Nikimwangalia Abelardo, sijui kama naona ugonjwa au naona kitanda chetu."

Upepo ulileta sauti ya ng'ombe.

"Basi usiamue peke yako," akasema.

"Nilipewa mimi niamue."

"Walikupa ukiwa na siku moja huko juu. Sasa una hamsini."

Nikafikiri juu ya hilo. Nilikula supu ya shayiri nikiwa nimesimama, yeye akingoja, kisha nikamwambia ampelekee Don Eusebio, mwenyekiti wetu, maneno haya, kama yalivyo, bila kupunguza. Kikohozi mara nne. Joto thelathini na saba na pointi sita, kwa kipimajoto kilichochemshwa. Amenusa vitu vitatu, vyote sawa. Na mlinzi wa tuta anataka kurudi nyumbani, kwa hiyo jicho lake lisiaminiwe peke yake. Mkutano uamue.

"Watakucheka," akasema.

"Wacheke. Hebu rudia."

Akarudia. Kikohozi, joto, harufu, hakukosea. Mwishoni akaweka kofia kichwani. "Na mume wangu anataka kurudi nyumbani," akasema, akageuka, akashuka njia bila kuomba ile leso.

Mchana ulikuwa karibu kwisha kipaza sauti cha kijiji kilipokoroma juu ya nguzo yake. Don Eusebio husoma matangazo kama anayesoma majina ya wafu, hata akitangaza kondoo aliyepotea. Akayasoma maneno yangu yote, na lile la mwisho pia. Nikasikia mtu akicheka, mbali, kisha akaacha. Kesho alfajiri, akasema, baragumu letu la kombe litapulizwa, na kila mwenye nyumba asimame mlangoni kwake, asitoke uani. Ataita nyumba moja moja. Anayetaka barabara ibaki wazi ainue kofia. Hadi hapo hakuna bonge la kupanda wala kushuka.

Abelardo aliposikia alipiga teke gurudumu la lori. Alizunguka lori mara mbili akitaja vijiji vyake vitatu. Nilidhani ataondoka, na singemzuia. Alifungua mlango, akawasha injini, akaizima.

"Nikiondoka sasa," akasema, "mtasema nilikimbia kwa kuwa ni mgonjwa."

"Wengine watasema."

"Na wewe?"

"Mimi ningesema uliondoka."

Akanitazama, akatikisa kichwa, akaanza kutandika blanketi kwenye kiti cha mbele. "Wewe mtu wa ajabu sana, ndugu yangu. Hata tusi hunipi."

Nikachemsha munya kwenye kopo, nikaliacha kwenye mstari wa chokaa, nikarudi nyuma mpaka alipolichukua. Kisha nikashughulika na jibini. Thelathini na moja upande wa juu, hamsini na tano upande wa chini, na yote hayapendi kulala nje. Nililowesha magunia mtoni, nikayakamua, nikafunika ukuta wa chini kwanza. Upande wa juu magunia hayakutosha. Nikakata nyasi ndefu za mlimani, nikayafunika kwa hizo, mafungu kwa mafungu, na mawe madogo juu ili upepo usiyafunue. Lile la Gumercinda lilikuwa la mwisho kwenye safu. Nilipitisha kidole kwenye msuko, juu ya glovu, nikalifunika.

Jua lilikuwa likigusa mlima nilipotoa daftari. Kila Alhamisi jioni huandika tarehe, idadi ya mabonge, na kando yake: siku ya kwanza. Niliandika tarehe. Niliandika thelathini na moja, na hamsini na tano, na chini yake kikohozi: nne. Mabonge ya juu sikuwa nimeyagusa baada ya yeye kukohoa, ila moja, kwa kidole chenye glovu, na kipimajoto nilikuwa nimekigusa, na jiwe, na kopo nitaligusa kesho. Nikaacha nafasi ya namba ya siku wazi.

Kule chini moshi wa nyumbani ulikuwa umeanza, mnene, wa mkalitusi mbichi. Ndani ya lori Abelardo alikohoa. Nikangoja kama itakuja nyingine. Haikuja. Nikafuta "nne" kwenye ukurasa, nikaandika "tano", ili kesho, kombe likipulizwa, nianze kwa kuwasahihishia hilo.