Vikapu vya Wilfred

Mimi ndiye niliyekuwa macho ya Wilfred, na nitasema wazi nilivyoyatumia.

Tulipakana ukuta, Mtaa wa Tannery. Kila Mei alipanda vikapu vinne vya maua vya kuning'inia mbele ya nyumba yake, petunia zikimwagika pembeni, fuksia katikati, na kila Julai kamati ya maua ilimpa yeye tuzo. Vyangu vilikuwa vya pili miaka kumi na mmoja mfululizo. Nilimchukia kwa hilo, ingawa tulikunywa chai pamoja kila siku.

Macho yake yalipobaki kuona rangi tu, mkwewe Denise alitaka ahamie makao ya wazee. Wilfred akagoma. Mwanawe, Keith, akakata shauri: vikapu vikifika Septemba vikiwa hai, baba anabaki kwake, vikifa, anahama. Ngazi asipande. Basi Wilfred akafunga mpira wa maji kwenye ufito wa mwanzi, akawa anamwagilia asubuhi na jioni akiwa chini. Mimi nilipanda kuchuma maua yaliyonyauka, maana petunia isipochumwa huacha kuchanua.

Mwanzoni mwa Julai, Keith alipompeleka kliniki ya macho, Denise alikuja na maua ya plastiki. Nilimshikia ngazi aking'oa yale hai na kuyapachika hayo mahali pake.

"Kwa nini usiyaache tu yafe?" nilimuuliza.

"Yakifa atasema ni wadudu, na Keith atamhurumia. Nataka Keith ajionee. Wewe kimya tu, Doreen."

Nikakaa kimya. Mwaka huo tuzo nilipata mimi.

Maji yalipita moja kwa moja kwenye ile plastiki yakamlowesha viatu. Walevi wa baa ya ng'ambo ya barabara walitoka na glasi zao kumtazama, nami nilicheka nao.

"Jirani, mbona jioni hayanukii?" aliniuliza siku moja.

"Mvua imezidi, Wilf."

"Na nyuki siwasikii."

"Wameshiba. Yanapendeza, we mwagilia."

Kisha nilipanda ngazi, nikachezesha vidole hewani, nikashuka nimekunja kiganja kitupu. Alinishukuru kila mara.

Septemba Keith na Denise walikuja. Wilfred alikuwa amevaa tai.

"Hata kikapu kimoja hakijafa, mwanangu. Msimu kama huu sijapata kuuona."

"Hebu shika, Keith," Denise alisema.

Keith alipanda, akavuta petunia moja. Ikatoka na bua lake la waya. Akashuka, akaitia mkononi mwa baba yake.

Wilfred aliipapasa kwa muda mrefu. "Tangu lini?"

"Tangu Julai, mzee," Denise alisema. "Mtu anamwagilia plastiki miezi miwili, halafu tumwachie jiko la gesi?"

Wilfred aligeukia upande wangu, akakosea kidogo, akawa anautazama mlango wangu.

"Doreen, asubuhi uliniambia umechuma maua sita."

"Ndiyo, Wilf."

"Sita yapi?"

Walimhamisha Jumamosi iliyofuata.

Baridi ya Oktoba iliua maua yangu yote. Yale yake bado yanang'aa mbele ya nyumba tupu, na siwezi kufika dukani bila kuyapita.