Kapteni Hamuagi Mtu

Shemeji yangu huuza vigae vya bafuni. Ni kazi ya heshima, na kama angeishia hapo ningemvumilia. Lakini alinunua mashua ya tanga ya watu wanne, akasomea unahodha siku tatu, akarudi na kofia nyeupe na kutaka aitwe Kapteni. Tukamwita Kapteni, kama mtu anavyomwita paka wake Simba.

Jumamosi ile alikuja gatini na mkewe, dada yangu. Mimi nina karakana hapo, nashona maturubai na matanga, na dirisha langu linatazamana na la ofisi ya gati. Nilisikia kila neno.

Karani, mama mtu mzima, alimsukumia fomu. "Andika mnakwenda wapi, mko wangapi, mnarudi saa ngapi, na nani apigiwe simu huku nchi kavu."

Kapteni akacheka kwa pua. "Mama, nina miaka arobaini na sita. Mara ya mwisho kumuaga mtu nilikuwa chekechea."

"Huniagi mimi, baba. Unawaachia watu pa kuanzia kukutafuta."

"Hutafutwa anayepotea."

Kwenye safari akaandika "Baharini." Kwenye kurudi akaandika "Tukichoka." Akatia sahihi yenye mikia mingi kama ya waziri. Karani aliisoma, akaiweka juu ya rundo. Ningekuwa mimi ningemrushia usoni.

Dada akapita kwangu kuchukua tanga nililolitia kiraka.

"Tunazunguka kisiwa cha mnara, upande wa nje," akaninong'oneza. "Saa tisa tutakuwa tumerudi. Ikifika saa kumi hujaniona, usione haya, kamwambie karani."

Nikayaandika hayo kwa chaki mezani, kisha nikamuuliza, "Kwa nini usibaki?"

"Nikibaki ataenda peke yake. Na huyu peke yake hata kamba ya kiatu inamshinda."

Saa tisa ikafika, ikapita. Upepo ulikuwa umegeuka, maturubai niliyoanika nje yakawa yanapiga ukuta. Nilishona mshono mmoja mara tatu, nikaufumua mara tatu. Saa kumi kasoro dakika moja nilikuwa mbele ya karani.

Akawapigia watu wa boti ya uokoaji. "Tuanzie wapi?" wakauliza.

"Nje ya kisiwa cha mnara," nikasema. "Wako wawili. Tanga jeupe, kiraka chekundu."

Kwa ile fomu tungewajibu nini? Baharini?

Waliwakuta kabla jua halijatua. Kapteni alikuwa amegonga mwamba ambao umechorwa kwenye kila ramani, usukani ukang'oka, maji yakaanza kuingia, simu ikalowa. Nahodha wa uokoaji aliniambia dada alikuwa amepiga magoti, anakumba maji kwa sufuria, na alipowaona hakuacha kukumba. Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani: Kapteni alikuwa huko chini, amejikunja, anatapika na kumwita mama yake.

Boti ilipofunga gatini, wa kwanza kushuka alikuwa yeye. Hakungoja mkewe apewe mkono. Akajifunika blanketi, akatutazama wote, akasema, "Mmefanya haraka tu. Nilikuwa nimeshapata ufumbuzi."

Karani alimpa chai, na hiyo ilikuwa zaidi ya alichostahili. Mimi nilimkumbatia dada hadi nguo zangu zikalowa. "Nilijua utakuja," akasema.

Kesho yake, kwa wazazi wetu, Kapteni alisimulia jinsi alivyowaongoza waokoaji hadi kwenye mashua. Baba alimsikiliza mpaka mwisho.

"Uliwaongozaje, mwanangu, na simu ilikuwa imelowa?"

"Kwa hisia, mzee. Bahari inataka mtu mwenye hisia."

Baba akageukia gazeti lake. Mama akampakulia Kapteni tena, maana mama hulisha hata mbwa wa jirani. Dada alikuwa ameniegemea begani, usingizi umemchukua, viganja vyote viwili vimejaa malengelenge.