Mafuta Gani, Mwalimu?

Mwalimu Siméon alikuwa amefundisha fizikia miaka kumi na moja bila kuchafua mkono kwa kitu zaidi ya chaki. Asubuhi hiyo alikuwa amechuchumaa mbele ya gari lake, uani kwake mtaani Vulamba, simu sikioni, na dimbwi jeusi likijitandaza chini ya injini. Ndani ya nyumba mkewe Myriam alikuwa akilia kwa uchungu wa kuzaa tangu alfajiri.

Butembo ilikuwa katika siku ya pili ya ville morte, mgomo wa mji mzima. Duka hakuna, gereji hakuna, pikipiki hakuna. Barabara zimezibwa kwa magogo na matairi. Gari la wagonjwa lilikwama upande wa Beni. Gari la Siméon lilikuwepo, ndiyo, lakini alipoliwasha tu, taa nyekundu iliwaka na oili ikamwagika kama maji ya bomba lililopasuka. Kumbe kuwa na gari si kuwa na safari.

Basi akampigia Kasonia, kaka wa Myriam, fundi wa magari. Ni yeye aliyembadilishia filta juzi, mbio mbio, kabla ya kwenda kazini Beni. Kasonia alisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akasema:

"Beau-frère, toa filtre ya mafuta. Angalia kampira yake, halafu urudishe ile ile. Ile bidon niliacha iko?"

"Iko. Filtre iko fasi gani?"

"Ku moteur. Iko ya mviringo, kama kopo ya tomate. Zungusha ku kushoto."

Sasa, kwa Siméon mafuta ni yale unayotia kwenye tangi. Hivyo ndivyo walivyosema kwao Kasaï, na hata hapa Butembo ndivyo wanavyosema kila siku pale wanapouza mafuta. Akaufuata mrija unaotoka kwenye tangi, hatua kwa hatua, kama anayetatua hesabu ubaoni, mpaka akakuta kitu cha mviringo juu ya injini. Kilikuwa kimekaza kama kimechomelewa. Alihangaika nacho nusu saa nzima, Myriam akilia ndani, mpaka kikaachia na kumlowesha mikono.

"Kampira iko moja, iko muzuri," akasema, akihema.

"Uko nasikia harufu ya nini?"

"Gasoil."

"Ayi, Mungu wangu! Mafuta gani, mwalimu? Hiyo ni filtre ya gasoil! Mimi nasema mafuta ya moteur, huile! Iko chini, pembeni!"

Wakati huo huo Kanyere, bibi jirani aliyekuwa akimzalisha Myriam, akatokea mlangoni.

"Mwalimu! Mutoto ametosha mukono inje! Mimi siwezi tena, inaomba munganga!"

Siméon alitaka kulia, akakosa nafasi. Akarudisha filta ya gasoil, akajitupa chali chini ya gari. Filta ya oili aliiona mara moja, lakini iliteleza vidoleni. Akavua mkanda wa suruali akaizungushia. Mkanda nao ukateleza. Akatoa chaki mfukoni, akaisaga kwa meno, akaupaka unga wake kwenye filta, akavuta tena kwa nguvu zote. Ikaachia. Oili ikamwagika usoni.

Kwenye filta kulikuwa na mpira mpya, unang'aa. Na juu, kwenye injini, kulikuwa na mwingine, mkuukuu, umegandamana na chuma. Kasonia alikuwa amesahau kuutoa, akakaza filta juu yake, ndiyo maana oili ilimwagika. Siméon akaelewa kwa nini shemeji yake alinyamaza kwenye simu. Akaubandua kwa kucha, akautia mfukoni.

Akarudisha filta, akamimina oili ya dumu lile aliloacha Kasonia, akapampu gasoil kwa kiganja mpaka pampu ikawa ngumu. Injini ikakohoa mara tatu, ikawaka. Wakampakia Myriam, wakaondoka. Kwenye vizuizi Kanyere alipunga kitambaa cheupe dirishani, na vijana waliondoa magogo bila neno.

Hospitalini daktari alimpasua Myriam, naye akapona. Mtoto, wa kiume, alitolewa ameshakufa.

"Amekufa si muda mrefu," muuguzi akasema, wala hakuna aliyemwuliza.

Vizuizi vilipoondolewa, Kasonia akaja msibani kutoka Beni. Hakuketi.

"Beau-frère, hapana unifiche. Kampira ilikuwa moja ao mbili?"

Siméon aliushika ule mpira mfukoni. Alimchukia mtu huyu kwa moyo wote, na alitamani kumtupia usoni. Lakini mikono yake mwenyewe, pamoja na sabuni yote, ilikuwa bado inanuka gasoil.

"Moja," akasema. "Ni mimi nilipoteza wakati."

Kasonia akamtazama, kisha akakaa chini, akalia kwa sauti mbele ya watu. Siméon akaketi kando yake, mkono ungali mfukoni.